Shukrani za Dalali wa Berea

Verediana alimchukia Séverin tangu siku ya kwanza, na sioni kwa nini mtu amlaumu. Mwanamume wa kuvaa tai mwezi wa Januari, Durban, katika joto ambalo hata mjusi hutafuta kivuli! Alipanda mteremko wa Berea na bahasha kwapani, akisimama mara kwa mara kupangusa jasho, akiwaambia Wakongo wenzake kwamba bila yeye wangelala barabarani. Alikuwa mtumishi wa Bwana Lotter, mwenye majengo kadhaa pale kilimani. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi kwa wapangaji wageni, watu ambao Bwana Lotter aliipenda kodi yao lakini hakutaka kuziona nyuso zao.

Verediana naye alikuwa dalali wa vyumba, ila dalali wa kujitegemea, asiye na tai wala ofisi. Mhaya wa Kamachumu, aliyeletwa Afrika Kusini na mume aliyesema anafuata biashara, kumbe anamfuata mwanamke wa Johannesburg. Mume alipotokomea, Verediana alipanda basi akashuka Durban, akauza mitumba pale Warwick Junction katikati ya wauza mizizi na wabeba mizigo. Huko ndiko alikojifunza kazi. Kila msema Kiswahili aliyeteremka na begi alimwuliza swali lile lile: dada, chumba kinapatikana wapi? Akaanza kuwapeleka. Mwanzo alipeleka bure, kwa huruma. Huruma ilipomtoboa viatu, akaanza kutoza.

Ni kazi ya kutukanwa, na asiyeifanya asijifanye anaijua. Mwenye nyumba anakufungulia akitabasamu, akisikia lafudhi yako anakumbuka ghafla kwamba chumba kimechukuliwa asubuhi. Jirani anachungulia dirishani na kukuita kwerekwere, tusi lao kwa mgeni Mwafrika, tena kwa sauti, usije ukadhani amekusudia mwingine. Mteja uliyemtembeza kutwa anasema bei imemshinda, kesho yake anarudi kinyemela kwa mwenye nyumba ili akwepe kukulipa udalali. Verediana aliyameza yote hayo. Hakusahau hata moja, maana hakuumbwa na usahaulifu.

Ukurasa wake ulitokana na Ladislaus, Mtanzania aliyekuwa akisoma shahada ya pili chuoni Westville. Verediana alimtafutia chumba chenye dirisha la kutazama miti, naye kwa furaha akamtengenezea mahali pa kuandika kwenye intaneti na kumfundisha namna ya kupaingia. Siku hizi mtu angesema ni blogu. Mwaka ule wa 1999 neno lenyewe hatukuwa nalo. Watu walisema tu "ukurasa wa Mama Vere". Kila Jumatano alikwenda kwenye duka la intaneti la barabara ya Davenport, akabanana na wanafunzi waliokuwa wakiwaandikia wachumba wao wa ng'ambo, akagonga kwa vidole viwili yale aliyoyaona wiki ile.

Na alikuwa haandiki kwa kupaka mafuta. "Jengo la manjano, ukishapita robot ya pili," aliandika, kwa kuwa taa za barabarani kule huitwa robot hata na mgeni wa juzi. "Vyumba vikubwa, mwanga upo. Lifti imekufa tangu mwaka jana na haijazikwa. Mwenye goti bovu asiende." Au: "Nyumba ya nyuma ya kituo cha mafuta. Bei nafuu. Ukivuta pumzi utajua kwa nini." Na kuhusu Ravenhill, jengo ambalo Bwana Lotter aliwarundika wageni, aliandika: "Choo kimoja kwa ukumbi mzima, na mkusanya kodi mwenye tai."

Watu walicheka mpaka machozi. Wanafunzi wa Westville waliuchapa ukurasa kwenye mashine za chuo, karatasi zikabandikwa kwenye kuta za saluni na maduka ya simu mpaka Warwick. Wateja wakamfuata Verediana kama siafu wanaohama. Hawakufuata vyumba tu, walifuata ukweli, kwa sababu katika mji ule kila mtu alikuwa amekwisha danganywa na mtu wa lugha yake. Séverin aliisoma ile ya tai akiwa saluni, mbele ya watu. Alikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akatoka bila kunyolewa.

Hapo Verediana angeshtuka. Hakushtuka. Alikuwa na kiburi cha mtu anayesema kweli, nacho ni kiburi kibaya kuliko vyote kwa sababu mwenyewe hakioni.

Sasa kuna jambo moja la malezi yake ambalo lazima lielezwe. Mama yake Verediana alikuwa na sheria: wema ukitendewa nyumbani kwa mtu, unakwenda kuushukuru mbele ya watu. Unamtaja kwa jina na kwa jina la baba yake, unasema alichokutendea, na watu wanasikia. Shukrani ya kunong'ona, alisema mama yule, ni ya mwizi anayemshukuru mwizi mwenzake. Verediana alilelewa hivyo, akakua hivyo, akavuka mipaka na sheria hiyo kichwani. Kila alipomaliza kusifu na kuponda vyumba vya wiki, alifunga ukurasa kwa kumshukuru mtu. Mlinzi aliyemruhusu kupita. Mama aliyempa maji ya kunywa. Majina kamili, na kila wema mahali pake.

MaKhumalo alikuwa msimamizi wa Glenmuir, jengo jingine la Bwana Lotter. Mama wa Kizulu, mnene, mwenye sukari, asiyecheka ovyo. Kazi ilimpa chumba kimoja upande wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na chumba kile kilikuwa ndiyo dunia yake yote. Nyumba ya kwao ilichomwa wakati wa vurugu kabla ya uchaguzi wa 1994, waliokuwamo wakatawanyika. Hakuwa na pa kurudi, hakuwa na mtoto wa kumpokea. Ukimtoa kwenye chumba kile, umemtoa duniani.

Glenmuir ilikuwa ya wenye vitambulisho vya nchi. Hiyo ndiyo amri ya Bwana Lotter: mgeni aende Ravenhill akagombanie choo. Lakini siku moja ya mvua Verediana alifika hapo na Henriette, msusi kutoka Bukavu, na pacha wake wawili wanaokohoa. Tangu asubuhi walikuwa wamefungiwa milango. Verediana hata hakuomba chumba, aliomba wajikinge mvua kwenye ngazi. MaKhumalo aliwatazama wale watoto, akamtazama Henriette aliyekuwa ameshika karatasi yake ya ukimbizi ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa tayari kuionyesha.

"Irudishe," alisema MaKhumalo kwa Kiingereza chake cha mkato. "Maisha yangu yote nilibeba pasi ya Makaburu ili polisi aniruhusu kutembea katika mji huu. Siwezi kumdai mtu karatasi. Kama kuna anayedai, asiwe mimi."

Akachukua funguo, akawafungulia chumba cha ghorofa ya pili. Kwenye orodha ya Bwana Lotter aliandika jina la binamu yake. Baada ya Henriette walifuata wengine, mmoja mmoja, wote wakiletwa na Verediana. Walilipa vizuri, walifagia ngazi, wala hakuna aliyelalamika.

Unajua yaliyofuata. Na kama hujui, basi hujalelewa na mama kama yule wa Kamachumu.

Jumatano moja, ukurasa ukiwa umenoga na moyo wake umejaa, Verediana alimshukuru MaKhumalo. Alimtaja jina. Alitaja Glenmuir. Alisema kwamba kuna mama katika mji huu ambaye haulizi mtu karatasi, aliyembeba Henriette na pacha wake siku ya mvua, na akina fulani na fulani, na kwamba Mungu ampe maisha marefu katika chumba chake. Hakuona hatari. Aliandika kwa Kiswahili, na kwake Kiswahili kilikuwa kama kuongea jikoni na mlango umefungwa. Wazungu hawakijui, Wazulu hawakijui, basi ni sisi kwa sisi. Alisahau kwamba hata sisi kwa sisi yumo Séverin.

Bwana Lotter alikuja Glenmuir mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mkononi alikuwa na karatasi mbili, moja ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri. Séverin alisimama hatua moja nyuma yake, tai imekaa sawa. Henriette aliyaona yote kutoka kwenye ngazi. MaKhumalo hakubisha. Aliulizwa kama ni kweli, akajibu ni kweli. Akaambiwa atoke siku hiyo hiyo, na kwamba asionekane tena katika jengo lolote la Bwana Lotter, hata kwa kusalimia. Wageni wakahamishiwa Ravenhill kugombania choo.

Verediana alipopata habari alikimbia mpaka akapoteza kiatu njiani. Alimkuta MaKhumalo kwenye veranda ya kanisa lake, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, sufuria zake zimepangwa pembeni kana kwamba yuko jikoni.

"MaKhumalo, nisamehe. Nilitaka watu wakujue."

"Wamenijua."

"Twende kwangu. Ni chumba cha kugawana, lakini kitanda ni changu, utalala wewe."

MaKhumalo alinyanyua macho. Hakuwa na hasira ya kelele, na heri angekuwa nayo. "Nije kwako nilale," alisema, "halafu Jumatano uandike?"

Jibu la swali hilo mimi nimelitafuta na sijalipata. Verediana aliondoka pale akilia barabarani waziwazi, mtu mzima, na watu wakampisha.

Wiki ile alizunguka Berea nzima kumtafutia mama yule chumba. Yeye aliyekuwa amewapatia vyumba watu wa kila namna alishindwa kumpatia mwenyeji wa nchi. Kila ofisi ilitaka slipu ya mshahara, na mshahara ndio uliokwisha. Kila mwenye nyumba alitaka barua ya mwajiri wa zamani, na mwajiri wa zamani ni Lotter. Akawaendea wateja wake, wale wale walioingia Glenmuir bila kuulizwa kitu. Mmoja alisema nyumba imejaa. Wa pili alisema mke wake hapendi. Henriette alimkatiza katikati ya saluni, kitana mkononi.

"Mama Vere, juu ya nini uliandika jina yake? Mi nilikuwa na fasi ya muzuri. Batoto balikuwa banalala. Sasa niko Ravenhill, tuko batu tisa mu chumba moja. Unakuya tena kuniomba nini?"

"Siombi kwa ajili yangu, Henriette. Yeye ndiye aliyekufungulia."

"Najua. Na weye ndiye ulimufungia."

Wateja wakageuza nyuso kwenye vioo. Ukutani ukurasa wa Mama Vere ulikuwa bado umebandikwa, wenye shukrani zile zile, na kona moja ikipepea kwa upepo wa feni. Verediana aliubandua, akauchana, akatoka.

Ikabaki njia moja, na ilikuwa chungu kuliko shubiri. Alimfuata Séverin. Alimkuta nje ya Ravenhill anahesabu funguo, akamwamkia kwa heshima ambayo ilimkwaruza koo.

"Bwana Séverin, wewe una uwezo. Kuna kile chumba kidogo cha chini Ravenhill, nyuma ya ngazi. Mpe MaKhumalo. Mwandikishe kwa jina lolote. Kodi nitaisimamia mimi."

Séverin alicheka kwa raha ya mtu aliyekula akashiba. "Oh là là! Leo Mama Vere iko ananiita Bwana. Ile tai yangu, bado inakuchekesha?"

"Hainichekeshi."

"Patron alisema ile mama asikanyage fasi yake hata moja. Weye unataka mi nifukuzwe?"

"Ulichomfanyia unakijua. Nami nakijua pia. Sikuja kwa hayo. Nimekuja kuomba."

Séverin alikubali, tena upesi kuliko Verediana alivyotegemea. Msidhani ni wema. Mtu kama Séverin hupenda kushikilia watu kama anavyoshikilia funguo, kila mmoja na tundu lake. Jioni ile MaKhumalo aliingia Ravenhill, Mzulu peke yake katika jengo la wageni, akiandikwa kama shangazi wa mtu fulani wa Lubumbashi. Alijua ni Séverin aliyempa chumba. Verediana hakumwambia kwamba ni yeye aliyekwenda kuomba, na safari hii alijua kwa nini anyamaze.

Lakini Séverin hakuwa amemaliza. Jumanne iliyofuata alimsubiri Verediana mlangoni pa duka la intaneti, amejipulizia manukato.

"Bon. Kesho ni siku ya ukurasa," alisema. "Sasa weye utaniandika. Kama vile uliandika ile mama. Jina yangu yote, useme Séverin iko mutu wa roho, alimupa mama muzee chumba wakati batu bote balimukataa. Andika na Ravenhill. Batu basome, bakuye kwangu. Uliniharibia jina, utanitengenezea jina."

Verediana alimtazama kwanza bila kuelewa, kisha akaelewa, na nusura amwonee huruma. Mtu huyu alichukua shukrani akaigeuza kisu, akamchinja nacho mama wa watu. Sasa alikuwa anaililia shukrani ile ile apewe yeye, kwa jina na kwa anwani. Kumbe naye alikuwa na mama yake mahali fulani, aliyemfundisha kwamba wema usiotangazwa haukufanyika.

"Bwana wako akisoma?" aliuliza.

"Patron hajui Kiswahili. Mwenye kumusomea ni mimi."

"Na Elysée?" Elysée alikuwa mtumishi mwingine wa Bwana Lotter, aliyepaka rangi majengo na kuitamani kazi ya Séverin waziwazi. "Elysée hajui kusoma?"

Sifa ilimshinda Séverin akili. "Elysée ni mutoto. Andika. Kama hauandiki, ile mama inatoka kesho."

Hapo ndipo Verediana alipopata nguvu ambayo hakuwa nayo wiki nzima. Siku zote katika maisha yake mwingine ndiye aliyeshika mpini na yeye makali. Alisogea karibu mpaka akayanusa yale manukato.

"Sikiliza, Séverin. Siku MaKhumalo akitoka mle, ndiyo siku nitakayokushukuru. Nitakushukuru vizuri. Jina lako, jina la baba yako, mlango gani, uliandika jina la nani kwenye orodha ya bwana wako. Kisha karatasi nitaibandika mwenyewe mbele ya Elysée. Akilala humo, sikushukuru ng'o. Akitoka, nakushukuru. Chagua."

Tai ya Séverin ilipanda na kushuka. Akasema neno la Kifaransa ambalo halihitaji kutafsiriwa, akaondoka zake akiteremka mlima.

Jumatano Verediana aliandika vyumba. Lifti mbovu, dirisha zuri, mama mpole. Alipofika mahali pa shukrani vidole vyake vilisimama juu ya vitufe kwa mazoea. Akaondoka bila kuandika. Tangu siku hiyo ukurasa wa Mama Vere haukumshukuru tena mtu yeyote.

Séverin hakunyamaza, ila alichagua pa kusemea. Saluni kwa saluni, duka la simu kwa duka la simu, alisimulia jinsi alivyomhifadhi mama mzee ambaye Verediana alimponza, na Verediana hakuwa na hata neno la asante. Watu walitikisa vichwa. Shukrani ya punda ni mateke, walisema, na Henriette ndiye aliyelisema kwa sauti zaidi. Wateja wakapungua. Wengine wakaenda kwa Séverin, maana angalau yeye alikuwa na roho ya kusaidia wazee. Verediana, ambaye katika matusi yote ya mji ule hakuna lililomchoma kama kuitwa asiye na shukrani, alisikia na akapita. Usiku hakupata usingizi, mchana hakumjibu mtu.

Miezi ikapita kabla ya kukutana na MaKhumalo uso kwa uso. Ilikuwa Warwick, kwenye meza ya muuza mboga, na mama yule alikuwa akichagua kabichi kwa kuzigonga na kidole. Alimwona, hakumsalimu. Aliendelea kugonga.

"Yule Mkongo alinipa chumba," alisema hatimaye, macho kwenye kabichi, "na nasikia wewe hukumshukuru."

"Sikumshukuru."

"Watu wanakusema vibaya."

"Wananisema."

MaKhumalo alipata kabichi aliyoitaka, akalipa, akaitia mfukoni. Ndipo alipomtazama Verediana, kwa mara ya kwanza tangu ile veranda ya kanisa, na uso wake haukuwa umelainika hata kidogo.

"Usije ukathubutu kumshukuru," alisema, akabeba mfuko wake, akaenda zake nyumbani.